Wazee Wacheze Tena?

Hapa kwetu Kaloleni, Kisumu, kuna ubishi ulionizidi umri. Ukikaa kwa kinyozi, ukisimama nje ya msikiti ukingoja mtu, ukipanga foleni ya chapati jioni, wiki haiishi kabla hujausikia: kati ya wale wazee wawili, nani alikuwa mkali zaidi kwenye pool? Sitawataja majina. Hawajaniomba niwaandike, na mtaa unawajua tayari. Mmoja nitamwita Mzee, kama tunavyomwita. Mwingine ni Jaduong', ambalo ni neno hilohilo kwa Kijaluo, na hata hapo wafuasi wao wanaweza kugombana ni nani alistahili lipi.

Sasa vijana wa base wameamua ubishi uishe. Mpango uko hivi: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, meza moja, wazee wawili, wa kwanza kufikisha michezo 7. Kiingilio mia. Mshindi anaondoka na elfu kumi, mwenzake anapewa elfu tatu ya chai. Mimi nimepewa kazi ya bango na maneno ya kusambaza kwa simu, kwa sababu ukishaacha chuo mwaka wa tatu na kuanza kujiita mwandishi, matangazo yote ya mtaa ni yako, kuanzia harambee hadi mbuzi aliyepotea. Bango hilo sijaliandika. Wasee wanadhani ni uvivu. Acha nieleze.

Kwanza hali ya wachezaji. Mzee ana miaka 71 na jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, anangoja upasuaji. Jaduong' ni mdogo wake kwa miaka michache, lakini ana sukari, nyayo zimekufa ganzi, na mkono wa kulia unatetemeka, kidogo akiwa ameketi, zaidi akishika kikombe. Hawajasimama pamoja kwenye meza tangu nikiwa shule ya msingi. Wanakaa benchi moja kila alasiri, wakitazama vijana wakicheza, na wanaongea kidogo kuliko unavyotarajia.

Walifika kwenye mchezo kwa njia mbili tofauti kabisa, na ukiulizwa unamuunga mkono nani, kwa kweli unaulizwa njia ipi unaiheshimu. Mzee alianza akiwa kijana wa klabu moja ya mjini, kazi yake kuhesabu pointi na kuokota mipira ya wenyewe. Wanachama wakienda nyumbani usiku, yeye na mpishi wanabaki na meza ya snuka, kubwa kuliko chumba ninachokodi sasa. Meza kubwa inakufundisha uvumilivu, anasema, kwa sababu shimo liko mbali na halina huruma. Meza zetu hizi ndogo za kutumbukiza sarafu zilipokuja, kwake zilikuwa kama kucheza juu ya meza ya kulia. Na hajawahi kucheza kwa pesa. Pesa ya kamari hailiwi kwake. Ukiweka dau, anaweka fimbo chini na kuaga.

Jaduong' alikuwa KICOMI, kiwanda cha pamba. Miaka ya tisini kiwanda kilipofungwa, watu wengi wa mji huu walibaki na ufundi ambao haukuwa na mahali pa kwenda, na yeye vidole vyake vilikuwa vimezoea kukamata uzi ukikatika. Akavipeleka kwenye fimbo. Kuna miaka ambapo karo ya watoto wake ilitoka kwenye meza, na hilo halisemi kwa kujigamba wala kwa aibu. Alicheza Kondele, alicheza Manyatta, alienda mpaka Busia kukutana na madereva wa malori waliokuwa na pesa na usiku mrefu wa kungoja. Yeye husema mtu humjui mpaka kodi ya nyumba iwe imewekwa mezani. Mzee humjibu kwamba mtu mwenye njaa huchagua mpira rahisi. Nimewasikia wakirushiana maneno hayo mawili tangu nikiwa mtoto na bado sijui nisimame wapi. Siku ninazolipwa kwa makala nakuwa wa Mzee. Siku zingine nakuwa wa Jaduong'.

Sasa, mechi kama hii imewahi kufanyika, tena kwenye televisheni. Tarehe 14 Februari 1978, katika hoteli ya Waldorf-Astoria jijini New York, kituo cha ABC kiliwakutanisha Willie Mosconi na Rudolf Wanderone, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Minnesota Fats. Mtangazaji alikuwa Howard Cosell, yuleyule wa ndondi za Muhammad Ali. Wote wawili walizaliwa 1913, kwa hiyo umri wao ulikuwa miaka 64 na 65. Mosconi alikuwa bingwa asiye na maswali: ubingwa wa dunia mara 15 kati ya 1941 na 1957, na mwaka wa 1954, mjini Springfield, Ohio, aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Rekodi hiyo ilikaa hadi 2019. Mtu wa suti, asiyependa kabisa wale wanaocheza kwa ujanja wa mabaa. Fats hakuwa na taji lolote kubwa. Alichokuwa nacho ni mdomo. Filamu ya The Hustler ilipotoka 1961 ikiwa na mhusika anayeitwa Minnesota Fats, Wanderone alijitokeza akasema huyo ni mimi, akabeba jina na kwenda nalo. Walter Tevis, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo, alikana. Haikusaidia. Na mshauri wa ufundi wa filamu, aliyewafundisha waigizaji jinsi ya kushika fimbo? Mosconi. Hebu fikiria ukiwa yeye.

Basi wakacheza. Fats aliongea mwanzo hadi mwisho, na Mosconi alimshinda bila shida. Ubishi ukaisha? Wapi. Simama hata leo baa yoyote uulize watu jina la mchezaji mmoja wa zamani wa Marekani. Mtu akikupa jina lolote, uwezekano mkubwa ni kwamba litakuwa la Fats. Miaka yake ya mwisho aliishi Nashville, akiwapigia mashabiki muhuri wa jina lake badala ya kusaini kwa mkono. Mosconi alishinda mechi na akaendelea kushindwa kwenye hadithi.

Ukitazama vizuri, mechi ile haikujibu swali lolote. Nani alikuwa bora lilikuwa jambo linalojulikana tangu kabla ya vita vya dunia kuisha. Watu walikaa mbele ya televisheni kumwona mzee mmoja makini akichokozwa na mzee mwingine mcheshi. Hiyo ni burudani, na sina neno na burudani. Ila mtu aniambie ukweli kwamba anauza tiketi ya burudani, asiniambie anatafuta ukweli wa kihistoria. Mkono unaotetemeka leo hauwezi kutoa ushahidi wa mwaka wa 1996. Ni kama kumpa mzee mtihani wa KCPE ili ujue alikuwa wa ngapi darasani.

Kinyozi wetu, ambaye ndiye mwenye wazo la mechi, ana jibu, na ni jibu zuri kuliko nilivyotaka liwe. Alinisimamisha mashine ikiwa bado inalia mkononi. "Wewe unawahurumia," akasema, "lakini Jaduong' ananunua dawa ya sukari kila mwezi. Elfu kumi ni dawa. Na wale ni watu wazima. Nani alikupa kazi ya kuwalinda?" Nikanyamaza, kwa sababu hapo ana haki. Heshima inaweza kugeuka kuwa njia ya kumwekea mtu kofia ya uzee na kumfungia ndani. Tunawaita wazee majina matamu, tunawapisha kwenye kiti, halafu tunaamua kwa niaba yao wasichoweza. Ikiwa Jaduong' anataka kuinama tena juu ya meza mbele ya watu mia mbili, mimi ambaye sijawahi kuwa hodari wa kitu chochote kwa mkono wangu ni nani wa kumwambia anajivunjia heshima?

Kwa hiyo nikaenda kuwauliza. Mmoja mmoja, siku tofauti.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta. "Yule mkono wake umeisha," akasema. "Nikimshinda, nitakuwa nimemshinda nani?" Nilidhani anajihami. Lakini akaendelea, bila mimi kumchokoza, kunisimulia mpira mmoja aliopiga Jaduong' usiku wa mvua, stima ikiwa imepotea, wamewasha taa ya chemli na kuiweka kwenye kingo ya meza. Mpira mweusi ulikuwa umeganda karibu na shimo la kona, mweupe umejificha nyuma ya mpira wa Mzee mwenyewe. Hakuna njia. Jaduong' akaupeleka mweupe ukutani, ukapiga ukuta wa pili, ukarudi ukausukuma mweusi taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Mzee alinionyesha kwa kidole kwenye paja lake: ukuta wa kwanza hapa, wa pili hapa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mimi singeuona."

Siku mbili baadaye nikamwambia Jaduong' kwamba nimesikia habari za ule mpira wa gizani. Akacheka hadi akakohoa. "Mimi? Hapana, nyathina, ule alipiga yeye." Naye akanionyesha kuta mbili, kwenye benchi, kwa kidole kinachotetemeka. Wote wawili wanakumbuka mvua. Wote wanakumbuka chemli. Kila mmoja ana hakika ya asilimia mia kwamba aliyekuwa ameinama alikuwa mwenzake na yeye alikuwa amesimama akitazama.

Nimelifikiria hilo kwa wiki kadhaa. Maelezo rahisi ni kwamba wamezeeka na wamechanganya. Inawezekana. Ila fikiria mchezo wenyewe. Unapopiga wewe, huoni uzuri wake. Unaona shimo, unahesabu, unaogopa. Anayeona mpira kwa ukamilifu ni yule aliyekaa pembeni, fimbo kati ya magoti, akiwa hana uwezo wa kufanya chochote na akijua kabisa ni kigumu kiasi gani. Mashabiki tulipiga makofi kwa mipira iliyoingia kwa kelele. Mpinzani alijua ni upi ulikuwa mgumu kweli. Nguvu zako za ujanani, ukishazipoteza, zinabaki mahali gani? Kwako mwenyewe zimebaki kama uchovu na maumivu ya mgongo. Kwake zimebaki kama zilivyokuwa, kwa sababu zilimuuma.

Sisi Wakenya tunalijua hili kutoka kwenye mbio. Paul Tergat na Haile Gebrselassie wa Ethiopia walifukuzana karibu miaka kumi, na karibu kila mara palipokuwa na medali kubwa Haile alitangulia. Olimpiki ya Sydney, mwaka wa 2000, baada ya mita 10,000, tofauti yao ilikuwa sekunde 0.09. Mshindi wa mita 100 katika Olimpiki hiyohiyo alimwacha wa pili kwa tofauti kubwa kuliko hiyo. Mwaka wa 2003 Tergat akapata chake hatimaye: rekodi ya dunia ya marathoni, Berlin, 2:04:55. Miaka minne baadaye, Berlin hiyohiyo, Haile akaivunja, 2:04:26, na alichosema baada ya hapo kilibaki kwenye magazeti: alimwomba Tergat radhi. Zamani niliona ni adabu tu ya wanariadha. Siku hizi naona ni mtu aliyejua alichokuwa anakichukua ni kizito kiasi gani, kuliko mtu mwingine yeyote aliyekuwa uwanjani.

Sasa nifike kwenye kinachonizuia hasa, kwa sababu si huruma. Ni simu.

Efren Reyes wa Ufilipino, ambaye wengi wanasema hajatokea mchezaji kama yeye, bado alikuwa anashindana akiwa na miaka 67. Mwaka wa 2022, kwenye michezo ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia mjini Hanoi, alipata shaba. Hapo kati amekosa mipira ambayo zamani angeingiza akiongea na mtu. Haimpunguzii kitu. Kwa nini? Kwa sababu ukiandika jina lake kwenye YouTube unapata miaka thelathini ya mkono wake. Unapata uzee wake na unapata pia ubingwa wa dunia wa 1999. Unapata habari za Hong Kong, 1996, siku tatu dhidi ya Earl Strickland, wa kwanza kufikisha michezo 120, kwa dola 100,000, Reyes akimaliza kwa 120 kwa 117. Strickland naye, anayezeeka kwa kelele, akigombana na mashabiki na kujifunga mazito mkononi, ana rekodi yake imelala hapo. Kwao mpira uliokosewa ni ukurasa mmoja wa kitabu kinene.

Wazee wetu hawana kitabu. Kaloleni ya miaka ya tisini haikuwa na mtu wa kurekodi pool. Hakuna picha hata moja ninayoijua ya Jaduong' akiwa ameinama. Ile kuta mbili, ile chemli, zipo kwenye vichwa viwili tu, na kimoja kina sukari na kingine kinangoja upasuaji wa jicho. Jumamosi hiyo watu mia mbili wakija, simu mia mbili zitainuliwa. Itakuwa mara ya kwanza wao kurekodiwa, na kitakachorekodiwa ni mkono unaotetemeka ukikosa mpira wa sentimita thelathini, na sauti ya kijana nyuma akicheka, na wimbo uliowekwa juu. Hiyo ndiyo itakayobaki. Mjukuu wa Jaduong' akitafuta babu yake alikuwa nani, atapata sekunde 20 za hiyo.

Nilimwambia kinyozi hivyo. Akazima mashine kabisa. Akafikiri. Akaniuliza kama basi suluhisho ni wasirekodiwe kamwe, wafe hivyo, tubaki na ubishi bila hata sauti zao. Nikasema hapana. Akasema, "Sasa unataka nini, mwandishi?" Ni swali la haki. Nikasema nataka kwanza kuwarekodi wakikaa benchi, kila mmoja akieleza mwenzake alivyokuwa akicheza, kuta zote, usiku wote, Busia na yote, saa nyingi kadiri watakavyotaka. Baadaye wakitaka kucheza wacheze, na atakayetafuta atapata vyote viwili. Na ile pesa ya dawa haihitaji kungoja mtu ashinde. Tukichanga mia mia kwa ajili ya mechi, tunaweza kuchanga mia mia bila mechi. Kinyozi akacheka. Akasema watu wa mtaa huu hawachangii mtu aliye hai na mzima isipokuwa kuna kitu cha kutazama. Sikuwa na jibu la hilo, na sina hadi leo.

Wazee wenyewe wamesikia mambo haya yote, maana benchi linasikia kila kitu. Hawajakataa. Mzee amesema atacheza kama hakuna dau wala zawadi, pesa yote apewe Jaduong' kabla ya kuvunja mpira wa kwanza, ili isiwe ya mchezo. Jaduong' amesema hawezi kupokea pesa ambayo hajaishinda, yeye si ombaomba. Hapo tukakwama siku nne. Wakaliacha hilo pembeni na kuanza kuzungumzia kanuni, tukadhani ni dakika tano. Mzee anataka kanuni za zamani, kwamba mpira mweusi lazima utaje shimo kabla ya kupiga. Jaduong' anasema mezani kwake mweusi ulikuwa unaingia popote, na waliolala njaa kwa sababu hiyo walilala. Mzee anataka mweupe ukiingia shimoni mwenzako aanze nyuma ya mstari. Jaduong' anataka shoti mbili. Mzee akauliza shoti mbili za nini, hii ni Busia?

Hii ni wiki ya tatu. Wanaongea sasa kuliko nilivyowahi kuwasikia, kuanzia saa tisa mpaka adhana ya magharibi, na vijana wanaacha michezo yao kusikiliza. Mimi nimeweka simu yangu chini ya benchi, wao wanajua ipo, inarekodi. Jana walifika kwenye swali la nani anavunja kwanza, na kama sarafu itakayorushwa inaweza kuaminiwa ikiwa imetoka mfukoni mwa kinyozi.